Maumivu ya kiungo cha taya: yatambue na uyatibu kabla hujang'oa jino

Wengi wenye maumivu ya kiungo cha taya huanza kwa kusema sikio linauma. Wanaenda duka la dawa, wanapewa matone. Wiki inapita, maumivu yako palepale, na sasa yameshuka kwenye magego na kupanda mpaka kwenye panja. Wanaambiwa huenda ni jino. Jino linang'olewa, kidonda kinafunga, na siku ya kwanza ya kutafuna nyama maumivu yanarudi vilevile, kwa sababu hayakuwa ya jino tangu mwanzo. Jino lililotoka halirudi tena mahali pake. Ndiyo maana mwongozo huu unatumia nafasi kubwa kwenye kutambua tatizo, na dawa zinafuata baadaye.

Sehemu kubwa ya maumivu haya hutulia bila upasuaji na bila kuguswa jino hata moja. Kazi nyingi unaifanya mwenyewe nyumbani, mradi uifanye kila siku.

Kiungo chenyewe kikoje

Weka ncha za vidole vya shahada mbele kidogo ya matundu ya masikio, kisha fungua mdomo polepole. Utahisi kitu kikisogea mbele chini ya ngozi na kuacha kishimo nyuma yake. Hicho ni kichwa cha mfupa wa taya la chini. Mdomo unapoanza kufunguka, kichwa hicho huzunguka mahali pake. Ukizidi kuupanua, huteleza mbele. Katikati yake na mfupa wa fuvu kuna kisahani kigumu kiasi, chenye nyuzinyuzi, kinachosafiri pamoja nacho. Viungo viko viwili, kulia na kushoto, lakini vinabeba mfupa mmoja. Kimoja kikisumbua, kingine hubeba mzigo usio wake, na baada ya muda maumivu huhamia hata upande uliokuwa mzima.

Sasa weka kiganja shavuni na uume meno. Kinachotuna pale ni msuli mkubwa wa kutafunia. Upo mwingine uliotandaa kwenye panja, na mingine miwili imejificha ndani ya taya. Misuli hii ina tabia ya kupeleka maumivu mbali na mahali yalipoanzia: wa shavuni huyapeleka kwenye magego na sikioni, wa kwenye panja huyapeleka kichwani na kwenye meno ya juu. Mgonjwa haongopi anapoonyesha jino. Anaonyesha mahali anapoyahisi.

Kwa kifupi, shida huwa kwenye misuli iliyochoka na kukaza (ndizo nyingi), kwenye kisahani kilichohama mahali pake, au kwenye kiungo kilichochakaa au kuvimba, kwa mfano kwa mtu mwenye baridi yabisi. Mtu mmoja anaweza kuwa na zaidi ya moja. Wanaofika kliniki wengi ni wanawake, na wengi wana umri wa kati ya miaka 20 na 40.

Hatua ya 1: hakikisha si dharura

Usiruke sehemu hii hata kama una hakika ni misuli tu. Taya linaweza kuuma au kukaza kwa sababu zinazoua.

Maumivu ya taya yanayokuja pamoja na kifua kubanwa, jasho la ghafla, kichefuchefu au kuhema ni ya moyo mpaka hospitali iseme vinginevyo. Kwa wanawake na wenye kisukari, taya linaweza kuuma bila kifua kuuma sana. Maumivu yanayoanza unapopanda ngazi na kuacha unapopumzika nayo yapelekwe hospitali, hata kama hayachukui muda mrefu.

Taya likikaza mpaka mdomo haufunguki, na shingo au mgongo ukaanza kukakamaa, au kumeza kukawa kwa shida, fikiria pepopunda. Dalili kwa kawaida hutokea kati ya siku 3 na 21 baada ya jeraha, na jeraha lenyewe linaweza kuwa mchomo wa msumari ambao mtu ameshausahau. Hapa hakuna kusubiri kesho.

Uvimbe shavuni au chini ya kidevu, homa, mate kushindwa kumezeka, sauti kubadilika: huo ni usaha, mara nyingi wa gego la mwisho la chini, na unaweza kuziba njia ya hewa. Nenda hospitali usiku huohuo.

Ukianguka na bodaboda au ukapigwa kidevuni, na baada ya hapo meno hayakutani kama zamani, mfupa unaweza kuwa umevunjika karibu na sikio ingawa kilichogonga chini ni kidevu. Unahitaji picha ya eksirei kabla ya kitu kingine chochote.

Mdomo ukibaki wazi baada ya miayo ndefu na ukakataa kufunga, taya limeteguka. Hurudishwa hospitalini kwa mikono, na mapema ni rahisi zaidi kwa sababu misuli haijakaza. Msiruhusu jirani alipige au alivute kwa nguvu.

Kuna jambo ambalo familia nyingi hulichukua kuwa ni mapepo. Kijana anameza dawa ya kuzuia kutapika aina ya metoklopramaidi, au anaanza haloperido kwa ajili ya ugonjwa wa akili, na baada ya saa chache au siku chache taya linapinda, ulimi unatoka, shingo inajikunja. Hiyo ni athari ya dawa. Hospitali ina sindano ya kuiondoa, na nafuu huja haraka. Nenda na pakiti ya dawa aliyotumia.

Aliyevuka miaka 50 akiumwa kichwa kipya kwenye panja, taya likichoka anapotafuna na macho yakianza kuona ukungu, aonwe siku hiyohiyo. Mshipa wa damu wa kwenye panja unaweza kuwa umevimba, na kuchelewa kunaweza kumpofusha.

Zaidi ya hayo, uvimbe unaokua, ganzi ya mdomo au kidevu, kidonda cha kinywani kinachopita wiki tatu bila kupona, au kukonda bila sababu, vyote vinataka daktari bila kuchelewa.

Hatua ya 2: jipime mbele ya kioo

Kama hakuna hata moja kati ya hayo, simama mbele ya kioo mahali penye mwanga.

Fungua mdomo uwezavyo, kisha jaribu kuingiza vidole vitatu vya mkono wako mwenyewe (shahada, cha kati na cha pete) vikiwa vimepangana wima kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Vikiingia, mdomo unafunguka kawaida, kwa watu wazima wengi milimita 40 au zaidi. Vikiingia viwili tu, kuna kinachozuia. Andika idadi hiyo na tarehe, utaihitaji.

Funga, kisha fungua tena polepole ukitazama katikati ya kidevu. Kikishuka wima, vizuri. Kikienda upande halafu kikarudi katikati, mara nyingi kisahani kinaruka na kurudi mahali pake, na utausikia mlio wa "ta!" karibu na sikio. Kikienda upande kikabaki hukohuko, kiungo cha upande huo hakitelezi vizuri.

Kuhusu milio, watu huogopa bila sababu. Taya kulia "ta!" bila maumivu na bila kukwama ni jambo la kawaida sana wala halihitaji tiba. Usikubali kulipia matibabu ya mlio pekee. Mlio wa kukwaruza, kama mchanga unaosagwa, huashiria kiungo kilichochakaa, na huo pia hutibiwa kufuatana na maumivu uliyonayo. Mlio wa kuutilia maanani ni ule uliokuwepo miezi mingi, ukanyamaza ghafla, na tangu siku hiyo mdomo unafunguka vidole viwili. Kisahani kimekwama. Muone mtaalamu ndani ya siku chache, usisubiri miezi.

Halafu bonyeza. Kwa vidole viwili, bonyeza msuli wa shavuni kutoka chini ya mfupa wa shavu kushuka mpaka pembe ya taya, kisha panja. Ukikuta mahali ambapo kubonyeza kunaleta maumivu yaleyale unayoyajua, hata kama yanachomoza kwenye jino au sikioni, umeshapata kiini chake. Jino bovu lina lugha yake: hushtuka kwa maji baridi au moto, huuma ukiuma kitu kwa jino hilohilo, hupiga mapigo usiku. Sikio bovu hutoa maji au usaha, au husikia vibaya. Maumivu ya taya hutanda, huamka na ukakamavu asubuhi, na huzidi kadiri unavyotafuna. Ukiona dalili za jino na za taya pamoja, muombe daktari wa meno apime jino husika kwa baridi na kwa picha kabla ya kuamua.

Hatua ya 3: tafuta kinacholichosha taya

Soma sentensi hii kisha ujiangalie: meno yako ya juu na ya chini yanagusana sasa hivi? Kwa mtu aliyetulia hayatakiwi kugusana. Hukutana kwa muda mfupi wakati wa kutafuna na kumeza, basi. Anayeyabana saa nzima akiwa kwenye kompyuta, akiendesha gari Mandela Road au akihesabu madeni, anaifanyisha misuli kazi isiyoisha, na wengi hawajui kabisa kuwa wanafanya hivyo.

Chukua fundi cherehani. Anakata uzi kwa meno, anashikilia pini kwa midomo na taya limekaza, anainama juu ya kitambaa kichwa kikiwa mbele ya mabega, na mchana anazungumza na mteja simu ikiwa imebanwa kati ya bega na sikio. Hakuna hata kimoja hapo kinachoonekana kuwa na madhara, lakini taya linavihesabu vyote. Kwa mwingine itakuwa kufungua soda kwa meno, kutafuna ubani kutwa nzima, kung'ata kucha au kofia ya kalamu, kutafuna barafu, kulala kifudifudi. Wanaotafuna mirungi hulipa taya kazi ya saa nyingi mfululizo, nyingi zikiwa upande mmoja wanaoweka kifundo, na sijaona dawa itakayolituliza taya hilo wakati utafunaji unaendelea.

Kusaga meno usiku ni jambo tofauti kidogo, maana huwezi kujizuia ukiwa usingizini. Muulize unayelala naye chumba kimoja. Kahawa ya jioni, pombe na sigara huliongeza. Baadhi ya dawa za sonona, kama fluoksetini na sertralini, nazo zinaweza kulileta. Usiziache ghafla, zungumza na aliyekuandikia.

Kubana mchana kunavunjika kwa kukumbushwa. Chagua kitu kinachotokea mara nyingi, kwa mfano simu kuita, adhana, au taa nyekundu barabarani. Kila kikitokea, jikague: midomo imefumba, meno yameachana, ncha ya ulimi imeegemea nyuma ya meno ya juu mahali inapogusa unapotamka "na", mabega yameshuka. Mwanzoni utajikuta umebana karibu kila mara. Endelea. Tabia hii pekee huwatuliza watu wengi kuliko vidonge.

Hatua ya 4: lipumzishe taya kwa wiki mbili

Kupumzisha si kulifunga. Ongea, kula, ila punguza uzito wa kazi. Chakula chetu kina uwanja mpana hapa: uji, mtori, ugali laini na mrenda au mlenda, viazi, maharage yaliyoiva vizuri, samaki wa mchuzi, mayai, parachichi, papai, ndizi mbivu. Kaa mbali na nyama choma ngumu, mahindi ya kuchoma, miwa, karanga, kashata, mikate yenye ganda gumu na ubani. Tunda kubwa kama embe au tufaha likatwe vipande vidogo badala ya kung'atwa. Tafuna pande zote mbili kama unaweza.

Miayo ikija, weka ulimi juu kwenye kaakaa na kiganja chini ya kidevu ili mdomo usipanuke kupita kiasi. Ukienda kung'oa au kuziba jino kipindi hiki, mwambie daktari mapema akupe mapumziko; kukaa na mdomo wazi muda mrefu huamsha maumivu upya.

Joto husaidia misuli iliyokaza: kitambaa kilicholowekwa maji ya moto na kukamuliwa, dakika 15 hadi 20 shavuni na kwenye panja, asubuhi na jioni. Kijaribu kwanza mkononi kisikuunguze. Kama taya limeumia kwa kugongwa au kupanuliwa ghafla, siku mbili za kwanza tumia barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 10 kila mara.

Hatua ya 5: dawa, kwa kiasi

Parasetamo kwa mtu mzima ni gramu 1 kila saa 6 inapohitajika, isizidi gramu 4 kwa saa 24. Anayekunywa pombe sana au mwenye ugonjwa wa ini apate ushauri kwanza, kiwango chake ni kidogo zaidi. Ibuprofeni miligramu 400 mara tatu kwa siku baada ya chakula, kwa siku 5 hadi 7, hufaa pale kiungo chenyewe kinapouma. Isitumiwe na mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au moyo, mjamzito, mwenye pumu inayoamshwa na asprini, au anayetumia dawa za kuyeyusha damu. Anayetumia dawa za shinikizo la damu aulize kwanza. Jeli ya diklofenaki ya kupaka juu ya kiungo ni njia nyepesi zaidi kwa tumbo.

Soma maandishi ya nyuma ya pakiti. Madukani kuna vidonge vinavyochanganya diklofenaki na parasetamo. Ukivimeza na kuongeza Panado juu yake, umezidisha dozi bila kujua. Antibayotiki haina kazi hapa kama hakuna uambukizi, wala tramado haistahili kuwa dawa ya kila siku ya taya.

Hatua ya 6: mazoezi

Anza maumivu makali yakishapungua. Zoezi lolote linaloacha maumivu zaidi ya nusu saa ni zito mno; lipunguze.

La kwanza ni kufungua kwa mwongozo. Ulimi ubaki umegusa kaakaa, vidole viwili viwe juu ya viungo, fungua mpaka pale ulimi unapotaka kuachia, kisha funga. Tazama kioo, kidevu kishuke wima. Mara 6. Mwanafiziotherapia Mariano Rocabado wa Chile alizoesha watu mpango wa mazoezi 6, kila moja mara 6, mara 6 kwa siku, na ninaupenda utaratibu wake kwa sababu vipindi vifupi vya mara kwa mara ni rahisi kwa msuli kuliko kipindi kimoja kirefu.

La pili ni ukinzani mwepesi. Ngumi chini ya kidevu, jaribu kufungua huku ngumi ikizuia, nguvu kidogo tu, taya lisisogee. Sekunde 6. Kisha kiganja ubavuni mwa taya, sukuma upande uleule bila kusogea, na upande wa pili.

La tatu ni kunyoosha, kwa mdomo usiofika vidole vitatu. Baada ya kupasha joto, weka kidole gumba kwenye meno ya juu na cha shahada kwenye ya chini, vipishane, tanua taratibu mpaka uhisi mvuto usio mkali. Shikilia sekunde 10 hadi 20, mara 5. Mwenye taya linaloteguka asilifanye zoezi hili.

Mwisho, kuchua. Mafuta kidogo ya nazi, vidole viwili, mizunguko midogo juu ya msuli wa shavuni kwa dakika moja, kisha panja. Na shingo: vuta kidevu nyuma bila kuinamisha kichwa, sekunde 5, mara 6.

Hatua ya 7: kumuona mtaalamu, na unayopaswa kuyakataa

Ukifuata haya wiki nne hadi sita bila nafuu, au mdomo ukizidi kufunga, muone daktari wa kinywa na meno. Kesi ngumu hupelekwa kwa daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso; Muhimbili, na hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ni mahali wanapopatikana. Usimsahau mwanafiziotherapia. Kwa maumivu yaliyopita miezi mitatu, mwongozo wa kitabibu uliochapishwa na jarida la BMJ mwaka 2023 uliweka mbele mazoezi yanayosimamiwa, kunyoosha na kuchua misuli kwa mikono, na tiba ya kisaikolojia ya kubadili fikra na tabia. Hiyo ya mwisho isichukuliwe kuwa ni kuambiwa unajifanya. Maumivu ni ya kweli, na ubongo unaoyapokea kila siku nao unahitaji kufundishwa kutulia.

Mwongozo huohuo haukuyapendekeza magamba ya plastiki ya kuvaa juu ya meno usiku kama tiba ya maumivu sugu. Bado yanaweza kuwa na kazi kwa anayesaga meno mpaka yanalika, kwa sababu yanayalinda. Kama utatengenezewa, liwe gumu, lifunike meno yote ya taya moja na liangaliwe tena baada ya wiki chache. Linalofunika meno machache linaweza kuyahamisha mengine.

Tatizo ni tiba zisizorudi nyuma. Mwaka 1934 daktari wa masikio wa St. Louis, Marekani, James Costen, aliandika kuwa dalili hizi zinatokana na meno yaliyopotea na taya kukaa vibaya. Maelezo yake ya jinsi hilo linavyotokea yalikataliwa baadaye, lakini wazo la kwamba lazima meno yarekebishwe ili taya lipone liliendelea kuishi. Kwa hiyo ukiambiwa usagwe meno "yakutane vizuri", uvae vyuma kwa sababu ya maumivu tu, au ung'olewe jino ambalo halina tundu, halishtuki kwa baridi na picha yake ni safi, uliza kwa upole: ni kipimo gani kimeonyesha kuwa chanzo ni hili jino? Una haki ya kupata jibu, na una haki ya maoni ya daktari wa pili. Upasuaji wa kiungo unabaki kwa wachache: kiungo kilichoota mfupa na kuganda, kilichovunjika, chenye uvimbe, au kilichoharibika mno baada ya njia nyingine kushindwa.

Siku ya kwenda, beba karatasi moja. Andika idadi ya vidole vilivyoingia siku ya kwanza na vinavyoingia leo, upande unaouma, saa ambayo maumivu huwa makali, mlio na siku uliponyamaza kama ulinyamaza, dawa zote unazotumia zikiwemo za mitishamba, na mazoezi uliyofanya. Ukiwa na simu, rekodi video fupi ya mdomo ukifunguka na kufunga ukiwa nyumbani, kwa sababu taya linalokwama asubuhi huweza kufunguka vizuri kabisa saa sita mchana mbele ya daktari.